Msanifu programu

Msanifu programu ni mtaalamu wa kompyuta anayebuni umbo la jumla la mfumo wa programu kabla haujajengwa, na kulisimamia umbo hilo mfumo unapoendelea kukua. Ndiye anayeamua mfumo ugawanywe katika sehemu zipi, sehemu hizo ziwasilianeje, data zihifadhiwe wapi, na mfumo ufanye nini umeme unapokatika, mtandao unapopotea au watumiaji wanapoongezeka ghafla.

Katika Afrika Mashariki kazi hii inahusiana kwa karibu na maendeleo ya jamii. Mifumo ya kutuma pesa kwa simu, kumbukumbu za wagonjwa, takwimu za hospitali na malipo ya serikali imejengwa juu ya maamuzi ya usanifu. Maamuzi hayo yakiwa mazuri, huduma hufika hata vijijini. Yakiwa mabaya, mfumo hufanya kazi mjini tu, au hufa mara ufadhili unapokwisha.

Jina

Neno "msanifu" linatokana na kitenzi "kusanifu", yaani kutengeneza kitu kwa ustadi na mpangilio. Kwanza lilizoeleka kwa msanifu majengo, anayechora ramani ya nyumba kabla ya fundi kuanza kujenga. Mfano huo unafaa kwa kiasi fulani tu. Nyumba ikishakamilika hubadilika kidogo, lakini programu huendelea kubadilishwa kwa miaka mingi, mara nyingi na watu ambao hawakuwepo ilipoanzishwa. Kwa sababu hiyo, msanifu programu hubuni akifikiria pia mabadiliko yatakayokuja baadaye.

Kazi

Mtengenezaji programu huandika msimbo wa sehemu fulani ya mfumo. Msanifu huangalia jinsi sehemu zote zinavyoshikamana. Katika kampuni ndogo mtu mmoja hufanya kazi zote mbili. Katika taasisi kubwa huwa ni nafasi ya pekee. Kwa kawaida kazi za msanifu ni hizi:

* kuzungumza na watumiaji na wenye mradi ili kujua mahitaji yao;
* kugawa mfumo katika moduli na kueleza kila moduli inawajibika kwa nini;
* kuchagua aina ya hifadhidata, lugha za programu na itifaki za mawasiliano;
* kukadiria gharama za seva, data na matengenezo;
* kupanga usalama, yaani nani aone nini na nani abadilishe nini;
* kuandika sababu za kila uamuzi mkubwa ili watakaokuja baadaye wazielewe.

Kuna kipimo rahisi cha kutambua uamuzi wa usanifu: ni ule ambao ni ghali kuubadilisha baadaye. Rangi ya kitufe hubadilishwa kwa dakika chache. Namna ya kumtambulisha mgonjwa katika hifadhidata, ikishatumika katika zahanati mamia, haibadiliki bila kazi ya miezi au miaka.

Historia

Katika miaka ya 1960 programu zilianza kuwa kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja kuzielewa zote. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliofadhiliwa na NATO, kujadili miradi ya programu iliyochelewa, iliyozidi bajeti na iliyojaa makosa. Mwaka huohuo Edsger Dijkstra wa Uholanzi alieleza mfumo uliopangwa kwa tabaka, kila tabaka likitegemea lile lililo chini yake. Melvin Conway naye aliandika kwamba mfumo huelekea kufanana na mpangilio wa mawasiliano wa taasisi iliyoujenga.

Mwaka 1972 David Parnas alionyesha kwamba moduli nzuri ni ile inayoficha ndani yake uamuzi unaoweza kubadilika, ili ukibadilika, sehemu nyingine zisiguswe. Mwaka 1975 Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, alisisitiza kwamba mfumo unapaswa kuwa na wazo moja linalouunganisha hata kama umejengwa na mamia ya watu.

Usanifu wa programu ulianza kutambuliwa kama fani yake yenyewe katika miaka ya 1990. Dewayne Perry na Alexander Wolf walitoa makala ya msingi mwaka 1992, na Mary Shaw na David Garlan walichapisha kitabu chao mwaka 1996. Mwaka 2000 Roy Fielding alieleza katika tasnifu yake kanuni za usanifu wa mtandao wa wavuti. Mwaka 2011 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC/IEEE 42010 kuhusu namna ya kueleza usanifu wa mifumo.

Kuchagua kati ya faida mbili

Msanifu mara chache hupata suluhisho lisilo na hasara. Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja iliyothibitishwa kihisabati mwaka 2002 na Seth Gilbert na Nancy Lynch. Hoja hiyo inasema kwamba mfumo ulio na kompyuta katika sehemu mbalimbali, mawasiliano kati yake yakikatika, hauwezi kutoa mambo mawili kwa pamoja: kuwajibu watumiaji wote, na kuhakikisha kwamba wote wanaona data zilezile. Ni lazima kimoja kipungue.

Jibu sahihi hutegemea kazi yenyewe. Katika mfumo wa pesa ni afadhali muamala ukataliwe kuliko salio moja litumike mara mbili. Katika zahanati ya kijijini ni afadhali mhudumu aandike taarifa za mjamzito sasa hivi, hata kama makao makuu yatazipata kesho. Msanifu asiyeuliza swali hili mapema huacha lijibiwe kwa bahati, na mara nyingi jibu hujulikana siku mtandao unapokatika.

Mfano: kumbukumbu za viota vya kasa, Ushongo

Ushongo ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga, kusini mwa mdomo wa mto Pangani. Mbele yake baharini kuna Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi ya bahari. Kasa hupanda kisiwani humo kutaga, lakini kisiwa hufunikwa na bahari maji yanapojaa, na mayai yangeharibika. Kwa hiyo wahifadhi huyahamishia ufukweni Ushongo, ambako huzikwa upya na kulindwa hadi yaanguliwe. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai 100 au zaidi, na kuangua huchukua takribani miezi miwili.

Ikiwa kumbukumbu za kazi kama hiyo zingehamishwa kutoka daftari la karatasi kwenda simu janja, mfumo ungeonekana mdogo sana: fomu moja na orodha moja. Hata hivyo ungekuwa na karibu maswali yote makuu ya usanifu. Maelezo yafuatayo ni ya mfumo wa kufikirika.

Utambulisho. Mwandishi mmoja yuko kisiwani, mwingine ufukweni, na wote hawana mtandao. Kila simu ikihesabu viota yenyewe, zote mbili zitaandika "kiota namba 14" kwa viota viwili tofauti. Data zikikutana, kimoja kitafuta kingine. Dawa yake ni kuipa kila simu alama yake, kwa mfano A-14 na B-14, au kutumia namba ndefu ya kubahatisha ambayo kwa vitendo haiwezi kujirudia.

Mabadiliko. Kiota kilichohamishwa kina mahali pawili, pa zamani na papya. Kama mfumo unafuta cha zamani na kuandika kipya, historia inapotea. Njia bora ni kuandika matukio: kimeonekana, kimehamishwa, kimeanguliwa. Tukio halifutwi, kosa likigunduliwa huandikwa tukio la masahihisho, kama mhasibu anavyofanya katika leja.

Saa. Msemaji wa Kiswahili akisema kiota kilionekana saa mbili usiku, anamaanisha kile ambacho kompyuta huandika 20:00. Fomu isiyoeleza hivyo itajaza hifadhidata kwa matukio ya 2:00, yaani saa nane usiku. Kosa hili halileti ujumbe wowote wa hitilafu, na ndiyo sababu ni la hatari. Mbali na hilo, saa za simu mbili huweza kutofautiana, kwa hiyo mfumo hauwezi kutegemea saa pekee kujua tukio lipi lilitangulia.

Gharama za data. Rekodi ya maandishi yenye baiti 500 ni ndogo: rekodi 300 ni kilobaiti 150 tu. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 3, yaani mara 20 ya rekodi zote hizo. Mfumo uliosanifiwa vizuri hutuma maandishi kwanza kila mtandao unapopatikana, na kuacha picha zisubiri.

Upotevu. Simu ikianguka baharini, kila kilichokuwa hakijatumwa kimepotea. Msanifu hawezi kuizuia simu isianguke, lakini anaweza kupunguza hasara kwa kuzifanya simu mbili zibadilishane data zikiwa karibu, au kwa kushauri daftari la karatasi liendelee kutumika.

Usiri. Mahali halisi pa kiota ni taarifa nyeti, kwa kuwa mayai ya kasa huibiwa. Ramani iliyo wazi kwa watu wote ingekuwa msaada kwa mwizi. Hivyo mfumo hutenganisha takwimu zinazoweza kutangazwa, kama idadi ya viota kwa mwezi, na mahali halisi panapoonekana na wachache tu.

Maswali hayahaya huonekana, kwa ukubwa zaidi, katika mifumo inayohudumia mamilioni ya watu.

Mifumo mashuhuri Afrika Mashariki

Pesa za simu

M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007. Majaribio yaliyotangulia, kuanzia mwaka 2005, yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo, lakini watumiaji walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ikabadilishwa kufuata matumizi hayo. Vodacom iliileta Tanzania mwaka 2008.

Uamuzi mkubwa wa usanifu ulikuwa kutotegemea simu janja wala intaneti ya mtumiaji. Nchini Kenya menyu iliwekwa ndani ya laini ya simu. Tanzania watumiaji walizoea kupiga namba za nyota na reli. Hivyo huduma ilifanya kazi hata katika simu ya kitochi. Salio halikai katika simu bali katika seva, kwa hiyo simu ikipotea pesa hazipotei. Kila muamala hupewa namba yake ya pekee, na mtumaji na mpokeaji wote hupata ujumbe wa uthibitisho, ambao umekuwa risiti inayoaminika sokoni.

Katika miaka ya mwanzo seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 huduma ilihamia katika mfumo mpya na seva zikaletwa Kenya.

Tanzania ilipata sifa ya pekee katika kuunganisha mitandao. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuwawezesha wateja wao kutumiana pesa kati ya mitandao, na Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Makubaliano hayo yalikuwa ya kampuni mbilimbili. Njia hiyo inafaa kampuni zikiwa chache: kampuni 4 zinahitaji viungo 6, lakini taasisi 10 zinahitaji 45. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga TIPS, mfumo wa pamoja ambapo kila taasisi huunganishwa mara moja tu na kituo cha kati.

Ushahidi

Ushahidi ilianzishwa mwezi Januari 2008, wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 2007. Wazo lilitolewa na Ory Okolloh, na miongoni mwa walioijenga walikuwa Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Toleo la kwanza lilitengenezwa kwa siku chache tu: wananchi walituma taarifa kwa ujumbe mfupi au kwa wavuti, nazo zikawekwa kwenye ramani.

Baadaye mfumo uliandikwa upya kama programu huria ambayo mtu yeyote angeweza kuiweka katika seva yake. Ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010, na katika nchi nyingine nyingi kufuatilia chaguzi na majanga. Mfumo wa aina hii una tatizo gumu la usanifu: taarifa ikichapishwa haraka huweza kuwa ya uongo, na ikisubiri kuhakikiwa huweza kuchelewa. Ushahidi ilitenganisha kupokea, kuidhinisha na kuhakiki taarifa, ili kila anayeutumia mfumo aweke utaratibu unaolingana na hatari iliyopo.

Kumbukumbu na takwimu za afya

OpenMRS ni mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004. Chimbuko lake ni ushirikiano wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, pamoja na shirika la Partners In Health. Waanzilishi Paul Biondich na Burke Mamlin walitambua kwamba maswali anayoulizwa mgonjwa hubadilika kila matibabu yanapobadilika. Badala ya kuweka kila swali kama safu ya kudumu katika hifadhidata, waliunda kamusi ya dhana: ugonjwa, kipimo au dawa mpya huongezwa kama neno jipya katika kamusi, bila kubomoa mfumo. Hasara yake ni kwamba kuvuta ripoti kunakuwa kazi ngumu zaidi.

DHIS2 hukusanya hasa takwimu za jumla za afya. Huendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, kwa ushirikiano na vyuo na wizara za nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Mwaka 2011 Kenya iliueneza nchi nzima kwa kutumia seva moja ya kati badala ya kuweka programu katika kompyuta ya kila wilaya. Kwa vile intaneti ilikuwa ikikatikakatika, uliongezwa uwezo wa kivinjari kuhifadhi data zilizojazwa na kuzituma mtandao unaporudi.

Zanzibar, ng'ambo ya bahari kutoka pwani ya Pangani, mpango wa serikali uitwao Jamii ni Afya huwapa wahudumu wa afya wa kujitolea simu zenye programu ya kuwaongoza wanapotembelea kaya. Programu hiyo hufanya kazi bila mtandao na kuoanisha data baadaye.

Malipo ya serikali

Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa GePG kukusanya mapato ya umma. Kila ankara hupewa kumbukumbu namba ya malipo, na mlipaji huitumia benki au kwa simu. Faida yake inaonekana kwa hesabu rahisi: taasisi 100 zikiunganishwa moja kwa moja na njia 20 za malipo, vinahitajika viungo 2,000, kukiwa na kituo kimoja cha kati, vinahitajika 120 tu. Upande wa pili ni kwamba kituo hicho kikisimama, malipo ya taasisi zote husimama. Kwa hiyo mfumo wa kati huhitaji seva mbadala na uangalizi wa saa 24.

Miongozo ya mifumo ya serikali husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyotokana na Wakala ya Serikali Mtandao ya mwaka 2012 na kupewa nguvu mpya na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019.

Lugha

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri kama hiyo huwezekana ikiwa msanifu ametenga maneno yanayoonekana kwenye skrini na msimbo wenyewe.

Kiswahili kinadai zaidi ya hapo kwa sababu ya ngeli zake. Programu iliyoandikwa kwa Kiingereza huweza kuunganisha jina la kitu chochote na kitenzi kilekile. Kwa Kiswahili ni "picha imefutwa", "kitabu kimefutwa", "ujumbe umefutwa". Mfumo unaounganisha vipande vya sentensi hutoa Kiswahili kibovu. Unaohifadhi sentensi nzima kwa kila hali hutafsiriwa vizuri.

Miundombinu

Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Ndani ya Tanzania, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeunganisha mikoa, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku ya kujenga minara vijijini ambako kampuni za simu zingeona hakuna faida.

Mabadiliko hayo yaliwafanya wasanifu wengi kuhamishia mifumo yao katika kompyuta wingu, mara nyingi zilizoko Ulaya au Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Mfumo ambao seva yake iko ng'ambo uliweza kukwama hata kama mtumiaji na ofisi inayomhudumia walikuwa katika mtaa mmoja. Tukio hilo lilionyesha kwamba mahali pa seva ni suala la usanifu, si la gharama peke yake.

Teknolojia na maendeleo

Miradi mingi ya kompyuta katika afya, kilimo na elimu imeanzishwa kwa fedha za wafadhili. Tatizo lake la kawaida ni kwamba kila mfadhili huleta mfumo wake. Mwezi Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi mipya ya afya kwa njia ya mtandao na simu, kwa kuwa majaribio yalikuwa mengi mno, hayakuunganishwa na mifumo ya taifa na hayakudumu. Muuguzi mmoja angeweza kutakiwa kujaza takwimu zilezile katika mifumo kadhaa.

Kutokana na uzoefu huo, wasanifu wanaofanya kazi za maendeleo huuliza maswali yanayopita teknolojia yenyewe:

* Nani atalipia seva miaka mitano baada ya mradi kwisha?
* Je, kuna mtaalamu nchini anayeweza kurekebisha msimbo?
* Je, data zinaweza kutolewa na kupelekwa katika mfumo mwingine?
* Nani anapoteza kazi, haki au usiri mfumo unapoanza kutumika?
* Mtu asiye na simu atahudumiwaje?

Swali la mwisho ni zito, kwa sababu huduma inayohamia kwenye simu tu huwaacha wazee, maskini na wasiojua kusoma. Baadhi ya mifumo hulijibu kwa kumweka mtu kati ya mashine na mwananchi: wakala wa pesa, mhudumu wa afya au karani. Mtu huyo naye ni sehemu ya usanifu, na mahitaji yake yanapaswa kupangwa kama ya sehemu nyingine yoyote.

Sheria nazo zimekuwa sehemu ya kazi ya msanifu. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizi hutaka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na kulindwa. Ni vigumu kutimiza sharti hilo ikiwa mfumo ulibuniwa kukusanya kila kitu bila kutenganisha taarifa nyeti.

Programu huria hupendekezwa mara nyingi kwa sababu hazina ada ya leseni na msimbo wake unaweza kukaguliwa. Hata hivyo si bure kabisa: seva, mafunzo na mishahara ya watunzaji hubaki. Mwaka 1992 Ward Cunningham alifananisha njia za mkato katika programu na deni, kwamba kazi hukamilika haraka leo, lakini riba hulipwa kila mara mfumo unapobadilishwa. Katika miradi ya muda mfupi deni hilo kwa kawaida huachiwa wizara au kijiji.

Mafunzo

Usanifu wa programu hufundishwa kama sehemu ya shahada za uhandisi wa programu na sayansi ya kompyuta, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere. Hata hivyo mtu huwa msanifu hasa kwa uzoefu wa kujenga na kutunza mifumo kwa miaka. Vituo vya ubunifu kama iHub ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2010, na Buni ya Dar es Salaam vimewakutanisha vijana wa fani hii. Nchini Tanzania, Tume ya TEHAMA husajili wataalamu wa teknolojia ya habari na mawasiliano.

Mwanafunzi anaweza kuanza kujifunza kwa kusoma msimbo wa mifumo huria kama OpenMRS na DHIS2, ambayo mijadala ya maamuzi yake iko wazi kwa wote, na kwa kujaribu kueleza kwa maandishi kwa nini sehemu fulani iliwekwa ilivyo.

Tazama pia

* Programu huria
* Hifadhidata
* M-Pesa
* Ushahidi
* Pangani
* Kisiwa cha Maziwe